Ukienda Fort Jesus, Kaa Dirishani

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lilelile na watu wa huku kwetu, Nyeri, Karatina, Othaya, hadi Nanyuki: "Buda, Fort Jesus mtu anaingiaje, na kwani iko na nini?" Nimeenda mara mbili, kwa hivyo najiona mtaalamu. Nitawaambia yote. Vumilieni tu kidogo, kwa sababu cucu yangu aliniharibia ziara ya kwanza, na mimi naona hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ziara.

Fort Jesus iko kwenye kisiwa cha Mombasa, mwisho wa barabara ya Nkrumah, pale unapoingia Mji wa Kale. Hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kiingilio kinalipwa kwa simu kupitia eCitizen, usibebe noti ukitegemea chenji mlangoni. Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni, lakini kusema "mimi ni wa Nyeri" haitoshi, beba kitambulisho. Na uende asubuhi, tafadhali. Wewe umezoea ukungu wa Aberdare. Ikifika saa saba mchana yale mawe ya matumbawe yanakuchoma kutoka chini huku jua likikuchoma kutoka juu. Maji, kofia, viatu vya kutembea. Tenga kama saa tatu.

Usafiri: matatu kutoka Nyeri hadi Nairobi, kilomita 150 hivi, halafu SGR. Treni ya asubuhi inaondoka Syokimau saa mbili, na kabla ya kupanda kuna ukaguzi wa mizigo hadi mbwa wa kunusa, kwa hivyo lala Nairobi kwa binamu usiku wa kuamkia safari. Tiketi za Desemba nunua mapema sana. Chagua kiti cha dirishani, nitaeleza mbona. Ukishuka Miritini bado uko bara, si kisiwani. Unapanda matatu inayopitia Makupa ndipo uingie Mombasa yenyewe, kisha tuktuk hadi ngomeni.

Na Kiswahili chako kirekebishe kidogo. Huku mlimani tunaingia dukani tunasema "nipe maji" na maisha yanaendelea. Kule mwenye duka atakuangalia kama umemtusi. Sema "naomba maji." Mzee ukimpita, "shikamoo." Mimi nilikumbushwa na mama wa viazi karai mbele ya watu, sitaki yawakute.

Haya, ndani. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mchoro ukiwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wengi hupita mbio hadi kwenye mizinga, wakapiga picha wakielekea bahari, wakatoka. Mimi nilifanya hivyo. Kumbe nilikuwa nimesimama mahali pa kisa ambacho kingetengenezewa filamu.

Kuna kijana anaitwa Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, India, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo, akasomeshwa kama Mreno. 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme, wakidhani sasa wako na mtu wao. Agosti 1631 akaingia humo ngomeni na watu wake, wakamuua kapteni, akarudi kwa Uislamu, na ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata meli zikaja kutoka Goa kumtoa, zikashindwa. Aliondoka baadaye kwa hiari yake. Usimfanye shujaa msafi, maze: mjini waliuawa Wareno na Waafrika waliobatizwa, wakiwemo wanawake na watoto. Lakini ukisimama kwenye ule mlango ukijua haya, huwezi kuuona kama mlango tu.

Halafu kuna mazingira ya 1696 hadi 1698. Waomani waliizunguka ngome kwa miezi 33. Ndani njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi, na kuna kipindi mwaka 1697 ambapo Wareno walikuwa wamekwisha kiasi kwamba Waswahili wa Faza ndio waliobaki kuilinda. Meli moja iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama hapo chini ya ukuta, na vitu vilivyotolewa baharini na wapiga mbizi miaka ya 1977 hadi 1980 viko kwenye makumbusho mle ndani. Msivipite.

Sasa cucu. Niliporudi Tetu baada ya ile ziara ya kwanza nilikaa naye jikoni nikimwonyesha picha kwenye simu. Yeye alizaliwa kabla ya Hali ya Hatari, macho yake bado makali. Mizinga, sawa. Bahari, sawa. Nikasema kwa kupita tu kwamba baadaye Waingereza waliigeuza jela. Akanishika mkono, akaniuliza kwa Kikuyu: "Na waliofungwa walikuwa wanalala wapi?"

Nilikuwa na picha 64. Hakuna hata moja ingejibu hilo swali.

Na si jela ya mwezi mmoja. Ni 1895 hadi 1958, miaka 63, karibu muda wote wa utawala wa Mwingereza Kenya. Makumbusho yalifunguliwa 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Yaani katika akili ya mtu mzima wa Mombasa wakati huo, ile ngome ilikuwa mahali pa kufungiwa watu. Sisi tumekuja nyuma tukakuta imepigwa rangi na iko na duka la zawadi.

Cucu alijua cha kuuliza kwa sababu yeye mwenyewe aliishi ndani ya ngome, ila hakuna mtu huiita hivyo. Kuanzia 1954 watu wa Nyeri, Murang'a, Kiambu na Embu walitolewa kwenye mashamba yao wakasongamanishwa kwenye vijiji vya lazima. Zaidi ya watu milioni moja. Kwetu huitwa gĩcagi. Handaki limezunguka, chini yake vijiti vilivyochongwa, lango moja, mnara wa homugadi, na ukichelewa nje ya saa uko matatani. Cucu alikuwa msichana mdogo. Alichimba handaki lile linalotenga mashamba na msitu wa Mlima Kenya, yeye na mama yake, bila malipo, ili watu wa msituni wasipate chakula. Ngome ya Mreno ilijengwa ili adui asiingie. Ya cucu ilijengwa ili yeye asitoke. Na ile ya Mombasa ilifanya kazi zote mbili.

Murang'a yenyewe kwa miaka mingi iliitwa Fort Hall, jina la afisa Mwingereza Francis Hall aliyefia kule 1901. Tumezungukwa na ngome halafu tunapanda treni saa sita kwenda kuangalia moja.

Hapo ndipo dirisha linaingia. Ukienda mara ya pili kama mimi, au ya kwanza ukiwa umesoma hii, weka simu chini treni ikikaribia Kibwezi. Waiyaki wa Hinga, yule wa Waiyaki Way, alikamatwa 1892 kwenye ngome nyingine, Fort Smith kule Kabete, akapelekwa kuelekea pwani akiwa mfungwa. Hakufika. Alifia Kibwezi. Endelea mbele, kati ya Mtito Andei na Voi utapita Manyani. Baada ya Voi, Mackinnon Road. Hizo mbili zilikuwa kambi kubwa za kizuizini, na baada ya msako wa Nairobi wa Aprili 1954 maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walisafirishwa huko. J. M. Kariuki alikuwa mmoja wa walioshikiliwa Manyani, na aliandika. Wengine walipelekwa mbali zaidi, hadi kisiwa cha Manda, Lamu. Ni njia hiyohiyo unayopita ukila krispi. Manyani bado kuna gereza hadi leo.

Kabla ya yote, kama uko Nyeri na una mchana mmoja, pitia kwanza makumbusho ya Ruring'u, lile jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za mkoloni. Ni mwendo wa pikipiki tu kutoka mjini. Ndiyo matayarisho mazuri ya Mombasa, na huwa hakuna foleni.

Ziara ya pili sikupiga picha mizinga. Nilimwajiri mwongozaji, mzee mpole, nikamwambia nataka jela tu. Akacheka, akasema vijana huwa hawaulizi hiyo. Tulitembea polepole, akanionyesha kuta moja moja. Nikampigia cucu kwa video, nikageuza kamera. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema nipandishe simu aone ukuta unaishia wapi. Nikapandisha hadi juu kabisa, hadi anga.

"Ni mrefu kuliko wetu," akasema. "Na chakula walikuwa wanaletewa na nani?"

Nikamwambia asubiri kwenye laini, nikageuka kumtafuta yule mzee.