Maji ya Cologne: Harufu ya machungwa na mzozo wa jina

Mjini Cologne, magharibi mwa Ujerumani, bado yanatengenezwa marashi yaliyolieneza jina la mji huo duniani kote. Ni maji ya Cologne, au Eau de Cologne kwa Kifaransa, lugha ya majumba ya wafalme na ya biashara barani Ulaya katika karne ya 18.

Muasisi wake hakuwa Mjerumani. Johann Maria Farina alizaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha Santa Maria Maggiore, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1708 alimwandikia kaka yake, Johann Baptist, kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya majira ya machipuko nchini Italia, mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Mwaka uliofuata kaka huyo alianzisha biashara mjini Cologne, akiuza hariri na bidhaa nyingine za anasa. Farina alijiunga naye mwaka 1714, na marashi yake akayapa jina la mji uliompokea.

Wakati huo matajiri wa Ulaya walipenda manukato mazito, kama vile miski na ambari. Farina alishika njia nyingine. Alichukua mafuta ya maganda ya limau, ya chungwa na ya begamoti, tunda la jamii ya ndimu linalostawi Calabria, kusini mwa Italia. Maua ya mdanzi nayo yalihitajika, mti ambao Waarabu ndio walioufikisha kisiwani Sicily karne nyingi kabla yake. Vyote hivyo vilichanganywa na spiriti safi iliyokenekwa kutokana na mvinyo.

Kwa aliyezoea udi, unaobaki katika nguo hadi siku ya pili, marashi haya yana upungufu ulio wazi: mafuta ya jamii ya ndimu hufuka upesi. Lakini hapo ndipo ulipo mvuto wake. Huburudisha mwili mara moja, kisha hutoweka. Hayamtangulii mtu mlangoni, wala hayabaki chumbani baada ya yeye kuondoka.

Kazi ngumu ilikuwa kuidumisha harufu hiyo. Machungwa ya mwaka mmoja hayanukii sawa na ya mwaka mwingine. Kwa hiyo Farina alihifadhi sampuli, akayachanganya mafuta ya mavuno mbalimbali mpaka chupa mpya ilingane na ya zamani.

Kwa muda mrefu maji hayo yaliuzwa pia kama dawa, na watu waliyanywa. Napoleon, ambaye mwenyewe aliyatumia kwa wingi, alitoa amri mwaka 1810 kwamba watengenezaji wa dawa wafichue michanganyiko yao. Ili kuilinda siri yao, watengenezaji wa Cologne waliyauza kama marashi tu.

Siri ikasalimika, lakini jina halikuwa na ulinzi. Wilhelm Mülhens, mfanyabiashara wa mtaa wa Glockengasse mjini humo, alinunua mwaka 1803 haki ya kulitumia jina la Farina kutoka kwa mtu aliyeitwa hivyo, ingawa hakuwa na uhusiano na biashara ya wale ndugu wawili. Mashauri yaliendelea mahakamani kwa miongo mingi. Mwaka 1881 kampuni ya Mülhens ililazimika kuliacha jina hilo, na badala yake ikatumia namba ambayo nyumba yake ilipewa wakati mji ulipokaliwa na Wafaransa: 4711. Namba hiyo nayo ikawa mashuhuri.

Hii leo maneno Eau de Cologne yanaweza kuandikwa kwenye chupa iliyojazwa katika nchi yoyote, kwani yamekuwa jina la aina nzima ya marashi mepesi. Farina aliupa umaarufu mji wake mpya, lakini jina alilolichagua likawa mali ya wote. Kilichobaki mikononi mwa ukoo wake, ambao hadi sasa unaiendesha biashara ile ya mwaka 1709, ni ujuzi wa kuifanya chupa ya leo inukie kama ya jana.