Mlango wa maji ndani ya ubongo

Wadau, leo programu naziweka pembeni. Nataka tuongee maji, na si yale ya ziwani tunayoyaona kila siku hapa Kisumu. Haya yako kichwani.

Peter Agre wa Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akichunguza kundi la damu la Rh alipokutana na protini ndogo ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakaifanya itengenezwe ndani ya mayai ya chura. Mayai yalipotiwa majini yakafura na kupasuka. Kumbe ni mlango wa maji! Ukaitwa akwaporini. Mfikirie askari wa getini anayejua sura moja tu: molekuli za maji hupita kama bilioni 3 kwa sekunde, protoni hairuhusiwi hata moja. Mwaka 2003 Agre akapata Nobeli ya kemia pamoja na Roderick MacKinnon.

Ubongo una akwaporini-4, iliyojipanga kwenye seli zenye umbo la nyota zinazokumbatia mishipa ya damu. Kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo uitwao glioma mpangilio huo huvurugika, na wengi wao hupata kifafa. Je, mlango ndio mkosaji? Mwaka 2000 panya wasiokuwa nao walionekana kufura ubongo kidogo walipozidishiwa maji. Watu wakawaza: tuufunge! Lakini mwaka 2004 panya wa aina hiyo hiyo waliopandikizwa uvimbe wakawa na hali mbaya zaidi, na mwaka 2006 degedege zao zikadumu muda mrefu, kwani potasiamu ilichelewa kuondolewa kati ya seli. Mlango unaoingiza ndio unaotoa. Aliyewahi kufunga poti ya seva kwa haraka ananielewa.

Sasa sisi wa Nyanza tunaingiaje? Kwa malaria, ambayo nchini Kenya imeshamiri zaidi kandokando ya ziwa hili. Ikipanda kichwani, mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu, na baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa. Uganda, hospitali ya Mulago, walijaribu kuyavuta maji kwa manitoli kwa watoto 156. Matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha nafuu. Agre mwenyewe alihamia kwenye malaria, na mwaka 2013 kundi lake likaonyesha kwamba panya wasio na akwaporini-4 huugua vibaya zaidi malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye ikaja picha ya watoto wenyewe kutoka Blantyre, Malawi: kati ya 168 waliopigwa picha za ubongo walikufa 25, na 21 kati ya hao ubongo ulikuwa umefura sana.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuufungua mlango huu wala kuufunga. Mtoto akianguka degedege Ahero au Mbita, kinachohitajika ni kufika hospitali upesi, degedege zitulizwe na apigwe sindano ya atesuneti. Chanjo ya malaria nayo ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019.