"Mvivu" Si Ugonjwa: Historia ya ADHD Ambayo Hatukufunzwa Darasani

Nikiwa darasa la sita, kila muhula ripoti yangu ilirudi nyumbani na sentensi moja tu: "Ana akili lakini hana bidii." Mathee alikuwa anaisoma kwa sauti, ananiangalia, halafu ananyamaza. Kile kimya kiliuma kuliko kiboko, na kiboko pia kilikuwepo.

Miaka imesonga. Niliingia chuo kikuu nikatoka bila cheti, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Sasa ni zamu ya brathe yangu mdogo, ako gredi ya nne. Mwezi jana alirudi na daftari limejaa wino mwekundu: msahaulifu, mvivu, hamalizi kazi. Nilisoma nikahisi ni ripoti yangu imefufuka.

So nikaanza kuchimba. Hawa watoto wanaojua kitu na bado hawakifanyi, dunia imewaita nani kabla yetu? Wasee, historia yenyewe ni ndefu, na ina mambo.

Kwanza tuelewane. Watu wakisikia ADHD wanafikiria tu mtoto anayeruka kwenye viti. Hiyo ni sehemu ndogo. Shida kubwa iko kwa ule uwezo wa ubongo wa kujisimamia: kuanza kazi, kushika maagizo matatu kichwani bila kupoteza mawili, kujizuia, kukadiria muda, kujua kipi kitangulie. Fikiria matatu. Injini iko poa, dereva anajua kazi, abiria wamejaa. Lakini makanga hayuko. Nani atakusanya nauli? Nani atagonga bodi kwa steji? Gari si bovu. Inakosa mtu wa kupanga safari.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka wa 1798 daktari mmoja Mskoti, Alexander Crichton, aliandika kitabu kuhusu magonjwa ya akili, na ndani yake akaweka sura nzima juu ya umakini. Alisema kuna watu huzaliwa wakiwa hawawezi kukaza akili kwa kitu kimoja kwa muda, na kwamba hali hiyo huwasumbua wakiwa shuleni. Akaona pia kwamba mara nyingi hupungua mtu akikua. Hebu ona hiyo: miaka zaidi ya 200 iliyopita, mtu ameandika bila kumtusi mtoto.

Lakini Crichton hakusikika sana. Kilichosikika ni hadithi. Miaka ya 1840 kule Ujerumani, daktari wa Frankfurt anayeitwa Heinrich Hoffmann alitunga kitabu cha picha cha watoto. Humo kuna kijana anayebembea na kiti mezani hadi anaanguka na kitambaa, sahani na chakula chote, wazazi wakibaki wanaangalia meza tupu. Kitabu kilipendwa sana. Funzo lake lilikuwa rahisi: huyu ni mtoto mbaya, usiwe kama yeye.

Mwaka wa 1902, jijini London, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya madaktari wenzake. Alieleza watoto wenye akili za kawaida kabisa ambao hawakuweza kujizuia wala kutulia na kazi. Jina alilotumia linaumiza: kasoro ya udhibiti wa kimaadili. Yaani tatizo ni maadili. Lakini macho yake yaliona kitu ambacho jina hilo lilificha. Aliona kuwa adhabu haikuwabadilisha. Mtoto anaadhibiwa, na baada ya muda mfupi anarudia lile lile. Still alishuku kuna kitu mwilini, si malezi mabaya tu.

Hiyo ilikuwa 1902, buda. Na bado kuna mwalimu leo anadhani fimbo ya sita itafanya kile fimbo tano zilishindwa.

Baada ya hapo kukaja janga. Kati ya 1917 na mwisho wa miaka ya 1920, ugonjwa wa kuvimba ubongo ulisambaa Ulaya na Marekani. Watoto waliopona, wengi walibadilika: hawatulii, hawajizuii, masomo yanawashinda. Madaktari wakafikiria, kama ubongo uliojeruhiwa unaleta tabia hii, basi kila mtoto mwenye tabia hii lazima ubongo wake umejeruhiwa mahali. Wakaita jeraha dogo la ubongo. Shida ni kwamba kwa watoto wengi hilo jeraha halikuonekana popote. Kwa hiyo mtoto akatoka kuwa mwenye dhambi akawa mwenye kuvunjika. Sijui kama hiyo ni afadhali.

Halafu 1937, bahati. Charles Bradley alikuwa daktari katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani. Hospitali hiyo ilianzishwa na familia yao kwa kumbukumbu ya binti aliyeugua huo uvimbe wa ubongo. Watoto walikuwa wanaumwa na kichwa vibaya baada ya kupigwa picha za ubongo, na Bradley akajaribu kuwapa dawa ya kuchangamsha mwili, Benzedrine. Kichwa haikupona sana. Lakini walimu wakaja na habari nyingine: watoto wanafanya kazi za darasani. Kati ya watoto 30, 14 walibadilika kwa namna ya kushangaza. Wenyewe wakaziita vidonge vya hesabu.

Nisimame hapa kidogo. Dawa haikuwafundisha hesabu. Hesabu walikuwa nayo tayari. Kilichofunguka ni njia ya kuitoa.

Dawa maarufu zaidi ilitengenezwa Uswisi mwaka wa 1944 na mwanakemia Leandro Panizzon. Ritalin imepewa jina la mke wake, Rita. Ilianza kuuzwa miaka ya 1950. Majina yakaendelea kubadilika. Mwaka wa 1968 kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kilitaja hali ya watoto kupita kiasi kwa kurukaruka. Umeona? Bado wanaangalia miguu.

Mtu aliyewageuza macho ni mwanamke, Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada. Mwaka wa 1972 alisema tunaangalia mahali si penyewe: shida si mwendo, ni kudumisha umakini na kujizuia. Mwaka wa 1980 kitabu kile kile kikabadilisha jina, kikaweka umakini mbele na kukubali kwamba mtoto anaweza kuwa na hali hii bila kuruka hata kidogo. Mlango ukafunguka kwa yule msichana wa kiti cha nyuma aliyetulia tuli, anaangalia dirishani, na hakuna anayejua amepotea. Jina ADHD lenyewe ni la 1987.

Na yule makanga? Kipande chake kilitoka mbali. Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Urusi, alichunguza wanajeshi waliopigwa risasi kichwani katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliona kwamba mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, anaweza kurudia agizo kwa mdomo neno kwa neno, lakini asilitekeleze. Kujua na kufanya ni vitu viwili. Mwaka wa 1997 Mmarekani Russell Barkley akaunganisha wazo hilo na ADHD: mzizi ni kujizuia, na kujizuia kukilegea, kumbukumbu ya kazi, hisia na mipango navyo vinalegea.

Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani wakapima ubongo wa watoto kwa mashine. Wenye ADHD walifuata njia ile ile ya kukua kama wenzao, ila kwa kuchelewa. Gamba la ubongo lilifika kilele cha unene wake kwenye umri wa kama miaka 10 na nusu, wakati wenzao ni 7 na nusu. Uchelewaji mkubwa ulikuwa sehemu hiyo hiyo ya mbele.

Miaka mitatu, wasee. Unampa mtoto wa miaka tisa daftari nane, ratiba na kazi ya nyumbani, na makanga wake bado yuko nyuma ya wale wa wenzake.

Sisemi hii inaeleza kila kitu. Si kila mtoto mwenye ADHD hufeli vipimo vya kujisimamia. Chumba kimetulia, mtu mzima amekaa mbele yake anamwambia "anza sasa", na hapo amepewa makanga wa kuazima. Na si kila asiyemaliza kazi ana ADHD. Njaa, usingizi, fujo nyumbani, macho mabovu, yote yanafanana ukiwa mbali. Usijipime kwa video ya sekunde 30, hata ikiwa yangu.

Ninachosema ni hiki: jina unalompa mtoto ndilo huamua utamfanyia nini. Ukimwita mwenye dhambi, utamchapa. Ukimwita aliyevunjika, utakata tamaa. Ukisema kuna kitu kinachelewa, utamsaidia kubeba kwa sasa. Hapa Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi. Sheria iko. Jina "mvivu" ndilo bado halijafutwa.

Kwetu tumeanza na vitu vya bure. Nimebandika kipande cha katoni mlangoni: daftari, kalamu, sweta, chupa ya maji. Agizo moja kwa wakati. Kazi ya nyumbani dakika kumi, anapumzika, anarudi. Saa ya ukutani tumeiteremsha aione. Siku zingine inafanya kazi, siku zingine anaondoka bila sweta akiwa amesimama mbele ya katoni.

Ijumaa mathee ameitwa shuleni. Nitaenda naye, na tutauliza kama anaweza kupelekwa kupimwa na mtu anayejua hii kazi. Jana usiku, baada ya kumwelezea haya yote, alikaa kimya kile kimya chake. Halafu akauliza, "Kwani hata wewe ulikuwa hivi?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kupimwa. Akaniambia niende kwa kabati nimletee zile ripoti zangu za zamani.