Jiwe Likizunguka, Nani wa Kulizima?

Hebu chukua grainda ya mkononi, ile ndogo ya diski ya milimita 115 unayoiona kwa kila fundi wa kuchomelea mageti. Soma kibati chake. Nyingi zimeandikwa mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Sasa tupige hesabu. Mzingo wa diski ni sentimita 36 hivi. Zidisha kwa mizunguko hiyo, utaona ukingo wa diski unakimbia karibu mita 66 kwa sekunde, yaani kilomita 238 kwa saa. Basi la mkoani halijawahi kufika huko, hata lile lenye dereva unayemjua wewe.

Kwa kasi hiyo kila punje ya diski inataka kuchomoka, na kinachoizuia ni gundi iliyoishika. Tena ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inayotaka kulipasua jiwe haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kila diski huandikwa kasi ya mwisho inayoruhusiwa. Diski ya milimita 230 kwa kawaida huishia mizunguko 6,600 hivi. Ukiing'oa kava ya grainda ndogo ili diski kubwa iingie, umeipeleka mbali sana kupita mpaka wake, na kinga ya kukuokoa umeitupa pembeni.

Fizikia yake, basi, si ngumu. Kigumu ni swali la kihistoria: jiwe likiwa bovu, nani mwenye mamlaka ya kusema "zima"? Jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 100 kupatikana, na mahali pazuri pa kulifuata ni Sheffield, Uingereza, mji wa visu na uma.

Karne ya 19 wanoaji wa Sheffield walitumia mawe ya mchanga yaliyochongwa kutoka machimboni. Jiwe lilifungwa kwenye shafti, mara nyingi kwa kabari, na kabari iliyogongwa kupita kiasi iliweza kuanzisha ufa. Mnoaji alikaa nyuma ya jiwe, amepanda kigogo kama mtu aliyepanda farasi, uso umeinamia chuma. Jiwe likipasuka, yeye ndiye wa kwanza kukutana nalo. Lisipopasuka, lilimuua polepole: vumbi la mawe hayo lina silika, na silika hukausha mapafu hadi yakashindwa kupumua. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza, alitegemea maelezo ya daktari Knight wa Sheffield: walionoa bila maji waliishi kwa wastani miaka isiyozidi 35 hivi, na walionoa kwa maji ni nadra kuvuka 45.

Dawa haikuwa siri. Feni za kufyonza vumbi zilijulikana tangu mapema karne hiyo. Sasa kwa nini hazikutumika kila mahali?

Angalia kazi ilivyopangwa. Wanoaji wengi hawakuwa waajiriwa kama tunavyoelewa leo. Mtu alipanga nafasi kwenye jengo lenye injini ya mvuke, akalipia nguvu ya kuzungushia jiwe, akaleta jiwe lake mwenyewe. Mwenye jengo alisema: mimi nakodisha nafasi tu. Mfanyabiashara wa visu alisema: mimi nanunua kazi tu. Na mnoaji, ambaye feni ingemla pesa, aliona bora aendelee. Engels anaeleza kwamba wapo waliozikataa kabisa kinga hizo, wakihofia kuwa kazi isiyoua ingevuta watu wengi na malipo yangeshuka. Mtu anakataa kuishi muda mrefu ili ujira usipungue! Usiwacheke. Pale palikuwa na ujuzi na vifaa, lakini hapakuwa na mtu ambaye ni kazi yake kulizima jiwe.

Sheria ikaanza kumtafuta mtu huyo. Mwaka 1878 mkaguzi wa viwanda alikuwa na uwezo wa kuagiza jiwe bovu, au lililofungwa vibaya, libadilishwe. Lakini mkaguzi anakuja leo na kuondoka leo. Sheria ya 1901 ikasogea karibu zaidi: kwenye majengo ya kupangisha, mwenye jengo alibebeshwa wajibu wa kanuni za unoaji. "Nakodisha tu" haikuwa tena kisingizio.

Wakati huohuo jiwe lenyewe lilikuwa linabadilika. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alipata kaborandamu, punje ngumu za kutengenezwa. Mawe mapya yalifinyangwa kwa punje na udongo, yakachomwa tanuruni kama chungu. Na hukaguliwa kama chungu! Bibi yako sokoni hugonga chungu kabla ya kulipa: kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa. Jiwe kavu la aina hiyo hugongwa taratibu kwa kipande cha mti, kwa sababu ileile. Diski za grainda ya mkononi hazijaribiwi hivyo. Hizo gundi yake ni ya plastiki.

Hatua kubwa ilikuja na kanuni za Uingereza za 1970 kuhusu mawe ya kusagia. Kufunga jiwe kwenye mashine hakukuwa tena kazi ya yeyote aliye karibu. Mfungaji alipaswa kufundishwa, kuwa na uwezo, na kuteuliwa kwa maandishi, na saini na tarehe. Historia nzima ya Sheffield iko ndani ya saini hiyo: sasa kuna jina.

Na huku kwetu? Tanganyika na Kenya zilipata sheria za viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kufuata zile za Uingereza. Tanzania ikatunga sheria mpya ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, na ile ya Kenya inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe taarifa, mafunzo na usimamizi.

Lakini fikiria neno tulilokuwa nalo: nyapara. Kwenye misafara ya karne ya 19 nyapara aliwaongoza wapagazi, na baadaye mashambani akawa mtu wa kuhimiza kazi. Msimamizi wa leo bado ana nyapara ndani yake. Bosi anamuuliza mageti mangapi yamekamilika, hamuulizi ni diski ngapi zimetupwa kwa kuwa na ufa. Msimamizi anayeogopa kuchelewesha kazi ni sawa na kutokuwa na msimamizi. Kazi yake ni kulinganisha kasi ya diski na ya mashine, kuhakikisha kava ipo na miwani imevaliwa, na kuliacha jiwe jipya lizunguke tupu kwa dakika moja, watu wamesimama pembeni. Haya hujifunzwa kwa asubuhi moja. Ruhusa ya kusimamisha kazi bila kuadhibiwa ndiyo adimu.

Na karakana nyingi za jua kali zinafanana na Sheffield kuliko tunavyodhani: fundi anakodi nafasi, anaazima grainda, anajinunulia diski. Ukipita hapo, uliza tu: hapa jiwe likiwa bovu, nani analizima? Wakikutajia jina, vizuri. Wakitazamana, simama pembeni.