Namba Nyuma ya Pakiti

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiingia leo katika duka kubwa la mji wowote utakuta rafu nzima imejaa pakiti za chakula kikavu cha paka, na kila pakiti yajitembeza kwa picha ya kuku, ya samaki, au ya paka mwenye manyoya ya kung'aa. Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, mna namba: protini asilimia kadhaa, mafuta asilimia kadhaa, maji asilimia kadhaa. Wanunuzi wengi hudhani kwamba namba hizo ndizo ubora wenyewe. Historia ya chakula hiki yatufundisha vingine, na mafunzo yake yalilipiwa kwa macho na mioyo ya paka wengi.

Katika nyumba za utoto wangu paka hakununuliwa chakula. Alipewa vichwa vya samaki na makombo ya mezani, na mengine aliyatafuta mwenyewe usiku darini. Hakuna aliyepima ubora wa panya. Mjini London, katika karne ya 19, mambo yalikuwa tofauti kidogo: walikuwapo wachuuzi waliopita mitaani na nyama ya farasi iliyochomekwa vijitini, wakiwauzia wenye paka. Hata hivyo paka wa London na paka wa kwetu walikuwa sawa katika jambo moja. Wote walikula mnyama mwenzao.

Chakula cha kiwandani kilianza kwa mbwa. Katika miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt, akiwa London, alianza kuuza biskuti za mbwa zilizotengenezwa kwa nafaka, mboga na nyama. Baadaye chakula cha makopo kikashika soko, mpaka Vita Kuu ya Pili ilipofika na bati likahitajiwa jeshini. Hapo watengenezaji wa Marekani wakarudia chakula kikavu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Purina ilichukua mashine iliyokwisha kutumika katika vyakula vya nafaka vya binadamu, mashine inayoupika unga kwa joto na shinikizo, kisha kuusukuma kupitia tundu ukatoka umefura. Chakula chake cha mbwa cha namna hiyo kiliingia sokoni mwaka 1957, na punje za paka zikafuata.

Mashine hiyo ina sharti lake. Ili punje ifure na kushikamana yahitaji wanga, na wanga hutoka katika mahindi, mchele, ngano au viazi. Sisemi kwamba wanga ni sumu kwa paka. Ukipikwa vizuri tumbo lake huumeng'enya. Lakini nafaka ilipoingia, sehemu ya nyama ilitoka, na ilipotoka iliondoka na vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivihesabu.

Kimoja cha vitu hivyo ni taurini. Wanasayansi wa Ujerumani, Tiedemann na Gmelin, waliigundua mwaka 1827 katika nyongo ya ng'ombe, na kwa muda wa karibu karne moja na nusu haikumshughulisha mtu yeyote anayelisha paka. Mbwa aliye mzima kwa kawaida hujitengenezea taurini mwilini. Paka hutengeneza kidogo mno, naye huipoteza kila siku katika nyongo. Katika maumbile hakupata hasara, kwa kuwa nyama ya panya na ya ndege inayo. Mimea kwa jumla haina.

Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake walichapisha habari za paka waliolishwa chakula ambacho protini yake ilikuwa kaseini, yaani protini ya maziwa. Protini ilikuwapo ya kutosha, lakini retina za macho yao ziliharibika kwa kukosa taurini. Mwaka 1978 ikatolewa taarifa ya paka walioharibika macho vivyo hivyo kwa kulishwa chakula cha mbwa. Mwaka huohuo, wataalamu Morris na Rogers wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka akila mlo usio na ajinini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, huugua kwa sumu ya amonia katika muda wa saa chache tu. Ikadhihirika kuwa paka si mbwa mdogo.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo hatari ilikwisha. La hasha. Maelfu ya paka wa nyumbani waliendelea kufa kila mwaka kwa moyo uliotanuka na kulegea, na sababu haikujulikana. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Davis walitangaza kwamba paka 21 waliokuwa wakila vyakula vya kununua walikutwa na moyo dhaifu pamoja na upungufu wa taurini katika damu. Walipopewa taurini, mioyo iliyohesabiwa kuwa imekwisha ilirudia kazi yake. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa huo ukawa nadra.

Tafakari jambo hili, msomaji. Wenye paka hao hawakuwa wazembe. Walinunua chakula kilichoandikwa jina la paka, na baadhi yake kilikuwa na taurini iliyodhaniwa kutosha. Lakini kipimo kilifanywa ndani ya chakula, hali swali lilikuwa ndani ya mwili wa mlaji. Namna ya kupika na bakteria wa matumbo huamua ni kiasi gani kitakachobaki kwa matumizi ya mwili. Ndiyo maana kanuni za AAFCO, umoja wa maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, zinataka chakula kikavu kiwe na taurini isiyopungua asilimia 0.10, na cha kopo asilimia 0.20, zote zikihesabiwa bila maji.

Namba ya protini nayo ina kisa chake. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alivumbua njia ya kupima naitrojeni. Kwa kuwa protini ina naitrojeni ya asilimia 16 hivi, hupimwa naitrojeni ikazidishwa kwa 6.25, na jibu likaitwa protini. Njia hiyo haiulizi naitrojeni imetoka wapi. Nyama, manyoya na ngozi vyote huhesabiwa pamoja. Mwaka 2007 ikagunduliwa Marekani kwamba protini ya ngano iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya viwandani ambayo theluthi mbili za uzito wake ni naitrojeni. Karatasi ilisema protini ni nyingi. Figo za paka na mbwa zikajaa fuwele. Mwaka uliofuata hila hiyohiyo ilionekana China katika maziwa ya watoto wachanga. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 walikufa. Anayedhani kwamba habari za chakula cha paka ni mchezo wa matajiri na akumbuke hilo.

Je, tuzitupe namba? Hapana, tuzisome kwa akili. Kwanza, toa maji kabla ya kulinganisha. Pakiti yenye protini 32 na maji 10 ina protini karibu asilimia 36 ya kitu kikavu. Kopo lenye protini 10 na maji 78 lina zaidi ya 45, ingawa kwa macho laonekana hafifu. Kwa paka mzima AAFCO yataka isipungue 26. Pili, tafuta maneno yanayosema kwamba chakula ni kamili kwa paka mzima, kisha uangalie kama kimetimiza kanuni kwa hesabu tu au kimelishwa paka. Jaribio hilo la kulisha huchukua majuma 26 kwa paka wasiopungua 8, nao hupimwa uzito na damu, taurini ikiwamo. Tatu, kumbuka maji. Panya ana maji karibu asilimia 70, punje kavu ina 10 hivi, na paka si mnywaji hodari. Bakuli la maji safi ni sehemu ya mlo wake.

Hata jaribio la majuma 26 ni fupi kwa mnyama awezaye kuishi miaka 15. Kwa hiyo shahidi wa mwisho ni paka mwenyewe: uzito wake usiopanda wala kushuka ovyo, manyoya yake, choo chake, jicho lake linapofuata nzi ukutani. Paka hajui kusoma wala hachagui pakiti. Hula tulichomwekea, na tukikosea hulipa yeye. Mtoto wa kunyonya naye yu katika hali hiyohiyo, na mgonjwa kitandani, na kila alaye kwa mkono wa mwingine. Anayewalisha hawa hana budi kuuliza namba ilipatikanaje kabla ya kuiamini.