Kabla ya Daftari la Nyabururu

Anayewatafuta mababu zake Kisii au Nyamira kwa kutegemea karatasi hukwama mapema. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu, yenye daftari la ubatizo, ilianza mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye. Septemba 1914 Wajerumani walivamia Kisii, Waingereza wakauhama mji, na katika vurugu hizo misheni zote mbili zikaporwa. Kipande nacho, kitambulisho cha kikoloni kilichokuja baada ya vita, kiliwahusu wanaume tu.

Waireland wanaujua uchungu huo. Tarehe 30 Juni 1922 hifadhi ya nyaraka mjini Dublin iliungua, ikateketea na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851.

Lakini nasaba ya Wakisii ilitunzwa na ndoa. Mtu hakuoa ndani ya ukoo wake, kwa hiyo kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, wazee walitaka kujua: huyu ni wa nani, na ni wa *enyomba* gani, yaani nyumba ya mke yupi? Hata leo utamwona *omogaka*, yaani mzee, akikunja kidole kimoja kwa kila jina, mwana, baba, babu. Akimfikia aliyeoa wake watatu, kidole husita. Hapo jina la bibi ndilo linaloamua njia.

Majina yenyewe yana mtego. Mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, basi Nyakundi wawili waliopishana vizazi viwili huweza kugeuka mtu mmoja masimulizini. Ndiyo maana jina la mume bila la mke wake halitoshi.

Nyuma zaidi kuna safari: Misiri, Mlima Elgon, Goye kule Yimbo, nyanda za Kano, kisha Kabianga upande wa Kericho, ambako mazao yaligoma na ng'ombe wakafa. Marehemu Profesa William Ochieng' aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Hiyo Misiri ya wazee isichukuliwe haraka kuwa Misri ya ramani; Kabianga ndiyo inayoshikika zaidi, kwa kuwa ipo na inatembeleka.

Baada ya hapo koo zilitawanyika. Abagirango walipasuka pande mbili: wa kusini wako Kaunti ya Kisii, karibu na wachongaji mawe wa Tabaka, na wa kaskazini wako Nyamira. Mtu wa Nyamira anaweza kuwa na ndugu wa damu kaunti ya pili bila kujua. Mnyama wa ukoo naye husaidia: pundamilia ni wa Ababasi, kiboko ni wa Abanchari.

Wajukuu wengi sasa wanakulia Minnesota. Mkirudi nyumbani Desemba, kaeni na *sokoro* na *magokoro*, yaani babu na bibi, washeni kinasa sauti cha simu, na muulize kwanza majina ya akina mama.