Birika Lililopeleka Habari za Wazee

Mpaka katikati ya karne ya 20, mzee wa Japani aghalabu alimalizia umri wake chini ya paa moja na mwanawe na wajukuu zake, na hali yake ilijulikana bila ya kuulizwa, kwa kuwa asiyeonekana wakati wa chakula cha asubuhi alitafutwa papo hapo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipowavuta vijana kutoka mashamba kwenda Tokyo na Osaka, na nyumba za ghorofa zilipojengwa kwa kipimo cha mume, mke na watoto wao tu, ada hiyo ilianza kulegea. Na madhali wakati huo huo siha ya watu ilistawi na umri ukarefuka, wenye miaka 65 na zaidi, ambao mwaka 1970 walikuwa kiasi cha watu 7 katika kila 100, walifika 14 mwaka 1994. Wakawa wengi wazee ambao kuamka kwao hakukushuhudiwa na mtu yeyote.

Nchi za Magharibi nazo zilikuwa zimekwisha kuitafutia shida hiyo dawa. Katika miaka ya 1970, Wilhelm Hormann huko Ujerumani, na Andrew Dibner, mwanazuoni wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Boston aliyeasisi kampuni ya Lifeline mwaka 1974, walibuni kila mmoja kwa upande wake njia ya mzee kuita msaada kwa kubonyeza kitufe kidogo alichokivaa, simu ya nyumbani ikaita kituoni kwa watu wa zamu, nao wakamtafuta jirani au gari la wagonjwa. Uvumbuzi huo uliokoa roho nyingi, wala si haki kuudharau. Hata hivyo ulikuwa na sharti zito, nalo ni kwamba mzee awe na fahamu na nguvu za kubonyeza, tena akubali kuuchukua mwilini mchana na usiku ushahidi wa udhaifu wake, jambo ambalo wengi waliliona ni fedheha, wakakivua kitufe na kukitundika msumarini.

Mwaka 1996, katika mtaa wa Ikebukuro mjini Tokyo, mama mzee na mwanawe mgonjwa walikutwa nyumbani mwao wamekufa kwa njaa, na muda ulikuwa umekwisha kupita tangu kufa kwao pasina mtu kujua, katikati ya mojawapo ya miji yenye watu wengi kuliko yote duniani. Msiba huo ulimsukuma tabibu mmoja wa huko kutoa rai kwamba chombo cha matumizi ya kila siku kifanywe mwangalizi wa wazee; nayo rai hiyo ikapokelewa na Zojirushi, kampuni ya Osaka iliyoanza mwaka 1918 na kujipatia sifa kwa chupa za kuhifadhi joto, ikatoa mwaka 2001 birika la umeme liitwalo i-Pot.

Hekima ya uteuzi huo yafaa itazamwe kwa karibu. Katika nyumba nyingi za wazee wa Kijapani, birika la umeme hukaa mezani kutwa nzima, maji yake yakiwa moto tayari, na mwenye nyumba hulirudia kila apatapo wasaa: hutia majani ya chai ya kijani katika buli, akabonyeza kitufe cha kumimina, akangoja kidogo, akanywa. Ndani ya birika hilo jipya mlitiwa kidude cha mawasiliano kilichopeleka ishara kwenye mitambo ya kampuni kila maji yalipomiminwa, na mara mbili kwa siku mwana aliye mbali akapokea barua pepe yenye saa za kumimina huko, kwa malipo ya takriban yen 3,000 kwa mwezi. Hapakuwa na kamera wala kinasa sauti. Mwana alijua tu kwamba mama yake amekunywa chai kama ada yake, na barua ilipokuja haina saa hata moja, alipiga simu.

Mwaka 2002 kampuni ya Tokyo Gas ilishika mkondo huo huo, ikiwapasha watoto habari za gesi iliyotumika nyumbani kwa mzazi. Tangu hapo vyombo vimekithiri, na kufikia mwaka 2018 hata saa ya mkononi ya Apple iliweza kutambua kwamba aliyeivaa ameanguka, ikaita msaada yenyewe.

Lakini wingi wa vyombo usitusahaulishe lile ambalo birika lilifundisha, kwamba mzee hulindwa vyema zaidi pale ambapo desturi yake imeachwa ilivyo na staha yake haikuguswa, na kwamba ishara, ijapofika upesi namna gani, haina nguvu ya kufungua mlango. Basi anayekusudia kumtilia mzazi wake chombo cha namna hii na aanze kwa kumwuliza yeye mwenyewe ni kitu gani akishikacho kila siku, na ni nani anayeridhia apewe habari zake. Kisha amtafute jirani mwaminifu wa kukabidhiwa ufunguo, na yeye mwana awe tayari kusafiri siku ile ishara itakapokatika.